Kuhamisha leseni kutoka daftari hadi mtandaoni: mwongozo kamili kwa ofisi inayotoa leseni na vibali

Mfumo umezinduliwa, utepe umekatwa, bango limetundikwa ukutani. Mwezi wa pili foleni iko palepale dirishani, na karani anachapa maombi yaliyotumwa mtandaoni, anayatoboa matundu, anayatia kwenye jalada ili mkuu aweke sahihi. Kazi ilikuwa moja, sasa ni mbili.

Hali hii hujirudia kwa sababu ofisi nyingi huanza na programu. Hutafutwa mtu wa kutengeneza mfumo, anakabidhiwa fomu ya zamani, naye anaigeuza kuwa kurasa za kompyuta. Lakini leseni haicheleweshwi na fomu. Inacheleweshwa na sahihi zisizo na kazi, daftari lenye makosa, na malipo yasiyooana na maombi. Ndiyo maana hapa chini programu inaingia katikati ya safari, si mwanzoni.

Mfano utakaotumika ni leseni ya bucha, kwa kuwa ina kila kinachosumbua: mwombaji mwenye simu ya batani, vielelezo, ukaguzi wa eneo, ada, na kuhuisha kila mwaka. Ofisi ya mfano ina leseni hai 3,000. Kama yako ina 300 au 30,000, hatua ni zilezile, ila hesabu za siku na watu zitabadilika.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Watu:

- Afisa leseni anayejua kazi ya kila siku, si mkuu wake tu
- Mtu wa TEHAMA
- Mhasibu
- Mwanasheria, hata kama ni wa kuazima siku mbili
- Karani wa masjala
- Mkaguzi anayekwenda kwenye maeneo
- Mkubwa mmoja mwenye mamlaka ya kufuta hatua. Huyu akikosekana, usianze.

Vitu:

- Madaftari yote ya leseni, pamoja na lile "dogo" ambalo kila karani huwa nalo kwenye droo
- Nakala ya sheria, kanuni na jedwali la ada linalotumika sasa
- Majalada 20 ya maombi yaliyokamilika na 10 yaliyokwama
- Skana yenye trei ya kulisha karatasi zenyewe
- Kompyuta 2 za kuingizia taarifa, na UPS
- Simu 3: ya batani, simujanja ya bei ya chini yenye RAM ya GB 2, na simujanja ya kawaida
- Karatasi kubwa, kalamu za rangi na gundi

Muda: kwa leseni 3,000, panga miezi 5 hadi 6. Anayeahidi wiki 4 amehesabu programu peke yake.

## Hatua ya 1: Hakikisha mfumo haupo tayari, na sheria inakuruhusu

Kwa Tanzania, leseni za biashara za Kundi A hutolewa na BRELA (Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni), na za Kundi B hutolewa na halmashauri, ambazo sasa hupitia mfumo wa TAUSI wa OR-TAMISEMI (Ofisi ya Rais inayosimamia serikali za mitaa). Kujenga mfumo wako kando ya mfumo wa pamoja ni kumpa mwananchi milango miwili ya chumba kimoja. Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 nayo inazitaka taasisi za umma zifuate viwango vya e-GA (Mamlaka ya Serikali Mtandao), kwa hiyo waandikie mapema. Kama leseni yako inaweza kuingia kwenye mfumo uliopo, hatua za 2 hadi 5 bado ni zako. Hakuna mfumo utakaokusafishia daftari.

Kisha kaa na mwanasheria mpitie sheria na kanuni zenu neno kwa neno, mkitafuta maneno manne: *fomu*, *sahihi*, *mhuri*, *nakala halisi*. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inatambua kumbukumbu na sahihi za kielektroniki, lakini kanuni yenu inaweza kutaja fomu maalumu au kuonyesha leseni halisi ukutani. Pale penye kikwazo, omba marekebisho sasa, maana kanuni huchukua miezi mingi kuliko programu.

Mara nyingi utagundua kitu cha kufurahisha: mhuri wa mviringo ambao kila mtu anaapa kuwa ni "matakwa ya sheria" haumo kwenye sheria yoyote.

Ulinzi wa taarifa nao usisubiri mwisho. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina yake ya 2019. Zote mbili zina utaratibu wa kumsajili anayekusanya taarifa za watu. Jisajili kabla ya kuingiza jina la kwanza.

Umefaulu ukiwa na: ukurasa mmoja uliosainiwa na mwanasheria, unaosema nini kinaruhusiwa leo, nini kinangoja marekebisho, na nani anayafuatilia.

## Hatua ya 2: Fuata jalada moja kwa miguu

Usiitishe kikao cha kueleza mchakato. Kwenye kikao watu hueleza mchakato ulivyoandikwa. Chukua jalada la bucha lililokamilika, anza dirishani, na tembea nalo kila meza lilipopita. Kila kituo andika mambo manne:

1. Nani alilishika
2. Alifanya nini hasa (alisoma, alihesabu, aliamua, au alipitisha tu?)
3. Alilishika dakika ngapi
4. Lilikaa siku ngapi kabla hajalishika

Rudia kwa majalada 20 yaliyokamilika, kisha yale 10 yaliyokwama. Bandika safari nzima kwenye karatasi kubwa, kazi kwa kijani na kungoja kwa nyekundu. Kazi halisi ya leseni moja kwa kawaida haifiki saa 2. Siku zilizobaki zote ni nyekundu.

Onyo: majalada yaliyokwama ndiyo yenye somo. Ukifuata yaliyofaulu tu utajenga mfumo wa waombaji wasio na matatizo, na hao hata dirishani hawasumbui.

## Hatua ya 3: Futa kabla ya kuchora

Simama mbele ya ile karatasi na mkubwa mwenye mamlaka. Kwa kila kituo uliza: huyu akiondolewa, kosa gani litapita ambalo hakuna mwingine wa kulikamata? Jibu likiwa "hakuna, ila lazima ajue", mpe taarifa ya kila wiki na umtoe kwenye njia. Kujua si kuidhinisha.

Kuna vitu vitatu ambavyo hufutika karibu kila ofisi:

- Vielelezo ambavyo serikali inavyo tayari. Kama namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) au TIN (namba ya mlipakodi) inaweza kuhakikiwa moja kwa moja, nakala iliyogongwa mhuri wa wakili haina kazi tena.
- Barua ya maombi. Fomu ndiyo maombi. Barua ya "Yah: Maombi ya leseni" inarudia kilichomo kwenye fomu.
- Sahihi ya pili na ya tatu. Mmoja anakagua, mmoja anaidhinisha. Wawili wanatosha kuzuia mtu kujipa leseni mwenyewe.

Na kimoja cha kuongeza: kaimu. Kila mwenye kuidhinisha awe na kaimu aliyetajwa kwenye mfumo, ambaye kazi zinahamia kwake moja kwa moja zikikaa siku 2 za kazi bila kuguswa. Bila hilo, safari moja ya mkubwa kwenda Dodoma inasimamisha leseni 60.

Umefaulu ikiwa: mchoro mpya una meza zisizozidi 4, na mkubwa ameusaini. Usiende mbele kwa makubaliano ya mdomo. Sahihi zilizofutwa hufufuka wakati wa majaribio.

## Hatua ya 4: Safisha daftari

Hapa ndipo miradi mingi huzama, na ndipo penye kazi isiyo na sherehe. Ukiingiza daftari chafu, siku ya kwanza mwenye bucha atafungua akaunti yake akute jina la jirani, na hatarudi tena mtandaoni.

Chagua cha kuingiza. Leseni hai, na zilizoisha ndani ya miaka 2. Nyingine zibaki masjala na namba ya boksi. Kuskani kila kitu tangu ofisi ianze kunaonekana kama bidii, lakini hakuna atakayefungua hizo picha.

Piga hesabu ya siku. Karani mmoja makini huingiza safu 20 (mistari ya daftari) kwa saa, yaani 120 kwa siku ya saa 6 za kazi halisi. Leseni 3,000 ni siku 25 kwa mmoja, au wiki mbili na nusu kwa wawili. Kuskani kurasa 4 muhimu za kila jalada ni kurasa 12,000. Watu wawili wakitoa pini, wakiskani na kukagua, watafanya kurasa 1,500 hadi 2,000 kwa siku. Tumia 300 dpi (nukta kwa inchi). Chini ya hapo mihuri na namba za kalamu hazisomeki, juu ya hapo unajaza diski bure.

Jihadhari na Excel. Hili limeharibu madaftari mengi kuliko maji na mchwa. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba. Ukiichapa bila vistari kwenye seli ya kawaida, itaonekana kama 1.98907E+19, na tarakimu 5 za mwisho zitageuka sifuri moja kwa moja. Ukishahifadhi hazirudi. Kabla ya kuingiza chochote, weka safu wima za NIDA, TIN na simu kuwa maandishi. Simu nazo hupoteza sifuri ya mwanzo: 07 inakuwa 7.

Tarehe zina mtego wao. Kompyuta iliyowekwa kwa mtindo wa Marekani husoma 03/04 kama Machi 4, wewe ukimaanisha Aprili 3. Andika mwaka kwanza, 2025-04-03, na ugomvi utakwisha.

Tafuta mtu mmoja mwenye majina matatu. Mohamed, Mohammed na Muhamedi kwenye leseni tatu anaweza kuwa mtu mmoja, au watatu. Usiunganishe kwa jina. Unganisha kwa namba ya kitambulisho, na pasipokuwa na namba, piga simu. Tenga wiki nzima ya simu. Karibu kila daftari lina namba za simu zilizokwisha kuhamia kwa wengine, na ni bora ujue sasa kuliko mfumo ukianza kumtumia mgeni taarifa za bucha la mtu.

Pima usafi. Chagua safu 150 za kila karani bila kupendelea, linganisha na daftari la karatasi. Makosa yakizidi 3, rudia kundi lote alilolifanya karani huyo. Usirekebishe hayo tu, ni dalili.

## Hatua ya 5: Andika fomu upya

Sasa unaweza kumwita mtengenezaji wa mfumo. Mpe mchoro mpya, mfiche fomu ya zamani.

Chukua kila swali la fomu ile na umuulize afisa leseni: jibu hili linabadilisha uamuzi gani? Kama halibadilishi, litoke.

Yanayobaki yaandike kama dirishani mtu angeuliza. "Ambatanisha kielelezo cha umiliki au upangaji wa eneo la biashara" iwe "Piga picha ya mkataba wa pango wa bucha lako". Swali moja au mawili kwa ukurasa, kwa kuwa kioo ni kidogo na mwombaji ana mteja anayengoja kilo moja ya mifupa.

Mambo mengine ambayo fomu lazima iyafanye:

- Ihifadhi kila jibu papo hapo. Bando likikata ukurasa wa 6, arudi ukurasa wa 6.
- Ipokee namba kwa mitindo yote. NIDA yenye vistari au isiyo navyo, simu inayoanza na 07, 06, 255 au +255. Kupanga ni kazi ya kompyuta.
- Ieleze kosa. "Taarifa batili" haimsaidii mtu. "Namba ya NIDA ina tarakimu 20, uliyoandika ina 19" inamsaidia.
- Ipunguze picha yenyewe. Picha ya simujanja hufika MB 3 hadi 5. Mfumo unaokataa zaidi ya MB 1 unamtuma mwombaji kwa kijana wa steshenari. Picha ipunguzwe humohumo kwenye simu kabla ya kutumwa, upande mrefu ubaki pikseli 1,600. Maandishi yatasomeka.
- Iulize mahali kwa njia mbili. Orodha ya mkoa, wilaya, kata na mtaa kwa ajili ya takwimu, kisha nafasi ya "jirani na nini?" kwa ajili ya mkaguzi, ambaye atalipata bucha kwa "nyuma ya msikiti, mkabala na transfoma".

### Tatizo la steshenari

Wengi hawatajaza wenyewe. Watakwenda steshenari, na kijana wa pale atafungua akaunti kwa barua pepe yake na simu yake, kwa kuwa ndiyo anazoweza kupokelea msimbo wa uthibitisho. Mwaka unaofuata kijana kahama, na mwenye bucha hawezi kuingia kwenye leseni yake mwenyewe.

Usijaribu kumpiga marufuku; anafanya kazi ambayo ofisi haiifanyi. Mtengenezee nafasi. Mfumo uulize mwanzoni: "Unajaza kwa ajili yako au kwa ajili ya mtu mwingine?" Akijaza kwa mwingine, simu ya mwenye leseni iwe lazima, msimbo wa mwisho uende kwenye simu hiyo, na SMS imtaje aliyejaza na ada halisi inayotakiwa. Hilo la ada ndilo huwaudhi vishoka zaidi.

Weka pia njia ya kurudisha akaunti dirishani: mwenye leseni anakuja na kitambulisho, karani anabadilisha simu, mfumo unaandika nani kabadilisha na lini.

## Hatua ya 6: Malipo

Taasisi za umma Tanzania hukusanya kupitia GePG, mfumo wa serikali wa malipo ya kielektroniki, na mwombaji anapewa ile namba ambayo mtaani huitwa kontroo namba. Sheria ya dhahabu ni fupi: malipo yakithibitishwa, ombi lisogee lenyewe. Ukimwomba mwombaji apakie picha ya risiti, umerudisha karatasi, na umemwajiri mtu wa kutazama picha za risiti.

Jaribu hali hizi tano kabla ya kuzindua, kwa shilingi halisi:

1. Amelipa, lakini taarifa ya malipo imechelewa kufika
2. Amelipa mara mbili
3. Amejaribu kulipa pungufu
4. Namba ya malipo imeisha muda wake
5. Amelipa, kisha ombi likakataliwa

Kwa ya kwanza, mfumo uulize upya wenyewe kila usiku na kulinganisha miamala yote ya siku. Kwa ya tano, mhasibu na mwanasheria waandike jibu mapema: ada inarudi au hairudi? Liandikwe juu ya kitufe cha kulipia, kwa herufi za kusomeka.

Na mahali popote kwenye mfumo, bango au SMS pasitajwe namba ya simu ya mtu wala lipa namba ya pembeni, hata kwa dharura. Siku ofisi inapofanya hivyo mara moja, matapeli wanapata kiolezo.

## Hatua ya 7: Upande wa ndani na ujumbe

Afisa anayekagua aone foleni moja, ya zamani juu. Asiweze kuchagua katikati bila kuandika sababu. Kule ndiko leseni za ndugu hupitia.

Akirudisha ombi, achague sababu kwenye orodha na kuandika sentensi moja ya kufafanua. Ataje kasoro zote kwa mara moja. Ombi linalorudi mara tatu, kila mara kwa kasoro mpya, ndilo linalompeleka mtu ofisini kuulizia "mnataka nini".

Hali za ombi ziwe chache na zinazosema kitu: *Limepokelewa. Linangoja ukaguzi wa eneo. Lirekebishe. Lipia. Leseni imetoka. Limekataliwa.* Neno "linashughulikiwa" lipigwe marufuku, kwani halimwambii mtu kama mpira uko kwake au kwenu.

Mkaguzi apewe fomu inayofanya kazi bila mtandao na kutuma anaporudi penye mawimbi. Picha, mahali na saa vijirekodi vyenyewe.

Kuhusu SMS, kuna mitego miwili ambayo watengenezaji wengi hawaijui. SMS moja hubeba herufi 160, lakini ukiingiza herufi moja tu iliyo nje ya seti ya kawaida, nafasi inashuka hadi 70. Kwa Kiswahili herufi hiyo ni ritifaa iliyopinda, ile alama iliyo kati ya ng na o. Ukiandika "nyama ya ng’ombe" kwenye Word kisha ukanakili, ritifaa hupinda yenyewe, na SMS moja inakuwa mbili au tatu, na gharama hiyo inajirudia kwa maombi yote ya mwaka. Tumia iliyonyooka: ng'ombe.

Mtego wa pili ni saa. Kompyuta ikiandika "Mkaguzi atafika saa 08:00", mwenye bucha atamngoja saa 8 mchana. Kiolezo kigeuze: saa 2 asubuhi.

## Hatua ya 8: Leseni yenyewe

Itoke kama PDF ya kuchapa kwenye karatasi ya kawaida. Karatasi maalumu yenye nakshi inarudisha foleni, kwa sababu lazima mtu aje kuichukua, na siku ikiisha stoo, leseni zinasimama.

Ulinzi uwe kwenye msimbo wa QR unaofungua ukurasa wa kuhakiki kwenye kikoa rasmi cha ofisi, cha .go.tz au .go.ke. Ukurasa huo uonyeshe jina la biashara, aina ya leseni, mahali, tarehe ya kuisha, na kama ni hai au imesitishwa. Usionyeshe namba ya NIDA wala simu.

Kiungo kisiwe na namba zinazofuatana. Kama leseni 1041 inafunguka kwa kubadilisha tarakimu moja kuwa 1042, mtu mmoja mwenye jioni tupu atachota daftari lote. Tumia msimbo wa nasibu, usioweza kukisiwa, wenye herufi 10 au zaidi, na uuchape chini ya QR kwa anayetaka kuhakiki kwa SMS.

## Hatua ya 9: Wajaribishe watu halisi

Tafuta watu 8: wawili wenye simu ya batani, watatu wenye simujanja za bei ya chini, mmoja wa steshenari, mmoja mzee wa kuvaa miwani, mmoja mwenye ombi lililowahi kukataliwa. Watumie bando lao na simu zao. Wi-Fi ya ofisi huficha uzito wa kurasa.

Mpe kila mmoja kazi moja: "Huisha leseni hii." Kisha nyamaza. Akikuuliza, mjibu "ungekuwa peke yako ungefanyaje?" Andika ukurasa aliokwama na neno alilolisoma mara mbili. Usiandike maoni yake ya mwisho; watu wetu wana adabu, watakuambia mfumo ni mzuri hata kama umewashinda.

Umefaulu ikiwa: wenye simujanja wote wamemaliza bila msaada ndani ya dakika 20, na wenye simu za batani wamepata hali ya ombi na namba ya malipo kwa SMS au USSD, ile menyu ya simu isiyohitaji intaneti. Wakikwama watatu mahali pamoja, rekebisha na utafute watu 8 wengine. Wale wa kwanza wameshajifunza.

## Hatua ya 10: Endesha sambamba, kisha funga daftari

Anza na kuhuisha, sio leseni mpya. Taarifa za kuhuisha zipo tayari, ukaguzi ni mwepesi, na ndiyo maombi mengi. Tuma SMS siku 30, 14 na 3 kabla ya leseni kuisha, ukiwa na kiungo kinachofungua fomu iliyokwisha kujazwa.

Karatasi na mfumo viende pamoja kwa wiki 4, sio zaidi. Ombi moja lipite njia moja tu. Namba za leseni za mfumo zianze na kiambishi tofauti ili zisigongane na za daftari. Kila jioni mhasibu na afisa leseni walinganishe hesabu tatu: maombi yaliyolipiwa, fedha zilizoingia, leseni zilizotoka. Zisipooana, hakuna kwenda nyumbani; tofauti ya siku moja hupatikana kwa dakika 10, ya mwezi haipatikani.

Dirisha lisifungwe. Karani abaki pale, akimjazia mtu fomu ileile ya mtandaoni kwa simu ya mwombaji mwenyewe. Ofisi inaacha kupokea karatasi, haiachi kupokea watu.

Umeme na mtandao vitakatika. Chapa vitabu vya fomu za dharura, kurasa 50 kila kimoja, zenye namba. Kila fomu iliyotumika iingizwe ndani ya saa 24, na msimamizi ahesabu zilizobaki kila Ijumaa. Fomu za dharura zisizohesabiwa hugeuka mlango wa nyuma.

Nakala rudufu ziwe 3, kwenye vifaa vya aina 2, na 1 ikae nje ya jengo. Kila miezi 3 chagua leseni 10, zirejeshe kutoka kwenye nakala hiyo kwenye kompyuta nyingine, uone kama zinafunguka.

Wiki ya 4 ikiisha, fungua daftari la karatasi kwenye safu ya mwisho iliyoandikwa. Piga mstari wa wino mwekundu, andika tarehe na namba ya mwisho, afisa leseni na mkubwa wasaini chini yake. Daftari na mhuri vipelekwe masjala siku hiyohiyo kwa hati ya makabidhiano.

Wiki mbili baadaye pita mezani. Ukikuta mhuri umerudi, usimgombeze karani. Muulize ni nani aliyemwomba augonge na kwenye karatasi gani, halafu rudi na jina hilo kwenye mchoro wa hatua ya 3.